Chenga

Inchi thelathini na mbili, alisema Cody wa dukani,
kijana mwenye beji na chunusi, asiyejua
kwamba nimeshuka mpaka Marquette kwa pikapu ya Waino
na bahasha ya pesa yenye mwandiko wa Lempi: PAA.
Paa litavuja tena msimu huu. Na livuje.
"Na kebo, mzee? Dola hamsini na kitu kwa mwezi."
Nikamwambia hewa ya Ishpeming bado haijawekewa mita.
Akacheka kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu iishe.

Ile ya zamani ilikuwa na kitambi kunishinda.
Tuliibeba mimi na Waino mpaka gereji, tukihema,
wachimba chuma wawili waliostaafu na jeneza fupi.
Tulipoitua, kitu ndani yake kililia: ting.
Waino akavua kofia. Sijui kama alikuwa anatania.

Kisha ngazi.
Binti yangu Marlys amenikataza ngazi, kwa simu,
nami nikamwahidi, kwa simu.
Antena nimeifunga kwenye bomba la moshi,
mifupa ya samaki aliyeliwa na watu wenye nidhamu,
kichwa kikielekea ziwani, uliko mnara.

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wawili.
Mimi juu, Lempi sebuleni, dirisha wazi, baridi inaingia:
"Bado! Bado! Hapo! Aa, umepapita. Rudi. Usipumue!"
Leo nazungusha kidogo, nashuka, navua viatu
(sakafu ni yake), natazama, navaa viatu, napanda.
Mara sita hivyo.
Mara ya saba sikuvua. Nisamehe, Lempi.

Hakuna ishara.
Hakuna ishara.
Ndiyo tabia ya hii mpya: ipo, au haipo.
Ile nyingine ilijua kukaa katikati.
Ilikupa nusu ya uso, robo ya neno,
watu wawili wawili, kila mmoja na kivuli chake begani.
Hoki tuliitazama kwa kukisia; kile kidude cheusi
hatukukiona hata siku moja,
tulishangilia kipa akianguka.
Chenga zikinyesha ndani, theluji ikinyesha nje,
na sisi kati ya kioo na kioo, tukila viazi.

Mwaka wake wa mwisho Lempi naye alikuwa hivyo.
Asubuhi jina langu, mchana jina la kaka yake,
jioni nusu ya tabasamu, limetoka mbali.
Nikimgeuza kidogo kuelekea dirishani, wakati mwingine
alishika. Wakati mwingine hapana.
Nilizoea. Mtu huzoea chenga.

Saa kumi na moja na dakika nne, giza limeshatanda,
picha ikaja. Haikukaribia, haikupiga hodi:
ikawapo.
Yule mtangazaji wa habari za jioni
ambaye Lempi kwa miaka ishirini alimwita "kale kasichana".
Si kasichana. Ana kovu chini ya kidevu.
Poda imejikusanya kwenye mikunjo ya macho,
na kifungo kimoja cha koti lake kimeshonwa
kwa uzi usiofanana na wenzake.
Yote hayo niliyajua kabla hajamaliza habari ya barabara.
Nikaona haya, kama niliyefungua mlango wa watu bila kubisha.
Kumbe tumezeeka naye, na hatukuambiwa.

Kisha hali ya hewa: theluji, inchi nane, kuanzia usiku.
Kwenye ramani kila chembe ilikuwa na ncha sita;
nilizihesabu.
Nikazima sauti. Nikafungua dirisha,
lile la upande wa ngazi,
nikaita nje, juu, kwenye giza la bomba la moshi:
"Hapo! Hapo hapo. Usisogee."